Maradhi Yanayowaondoa Wazee Wetu Yamebadilika

Kwa vizazi vingi, familia nyingi za Tanzania zilizoea kumpoteza mzee kwa malaria, nimonia, kifua kikuu au kuharisha. Maradhi hayo hayajatoweka. Hata hivyo, kadiri chanjo, maji safi na tiba vilivyoenea, watu wengi zaidi wamefikia uzee, na sasa kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na saratani vina nafasi kubwa zaidi miongoni mwa sababu za vifo vyao.

Ishara zilionekana mapema. Kuanzia mwaka 1992, watafiti walifuatilia vifo katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wakiwahoji ndugu kuhusu dalili alizokuwa nazo marehemu. Walibaini kwamba, hata kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kwa kiwango kikubwa kuliko England na Wales. Walilihusisha jambo hilo na shinikizo la damu lisilotibiwa. Kumbe madhara ya uzeeni huanza kujengeka mapema.

Kwa mtumiaji wa dawa, tofauti ni kubwa. Malaria humlaza mgonjwa, naye hutumia dawa kwa siku chache akapona. Shinikizo la damu huweza kukaa miaka mingi bila maumivu, na dawa zake kwa kawaida hutumiwa kila siku, maisha yote. Anayeacha vidonge kwa kuwa anajisikia vizuri hajapona. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vikimlinda.

Kwa hiyo, zingatia yafuatayo:

1. Mzee apimwe shinikizo la damu na sukari mara kwa mara, hata asipolalamika. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinachojirudia kinahitaji ushauri wa daktari.

2. Nunua dawa kwa cheti cha daktari, katika famasia iliyosajiliwa. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi na udai risiti. Usimpe mzee dawa za jirani.

3. Muulize mfamasia kabla ya kuongeza dawa nyingine. Baadhi ya dawa za maumivu, kama diklofenaki, huweza kupandisha shinikizo la damu.

4. Fedha zikipungua, usipunguze vidonge kimyakimya. Uliza kama ipo dawa nafuu yenye kiambato kilekile.

5. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, mpeleke hospitali papo hapo. Usingoje kupambazuke.