Kuufuatilia Ubongo wa Mgonjwa Asiyejitambua



Mgonjwa anapolazwa akiwa hajitambui, ndugu walio kando ya kitanda huona moyo unapiga na kifua kinapanda na kushuka, pengine kwa nguvu ya mashine. Ubongo je? Makala hii inaeleza jinsi unavyofuatiliwa bila kupasua kichwa, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Mwamapalala, ambako malaria kali bado huwapokonya watoto fahamu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme. Mwaka 1974 madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskochi, walitoa njia ya kumpa mgonjwa alama kwa kuangalia macho, maneno na mwendo wa viungo. Mwenye fahamu kamili hupata 15, asiyeitikia chochote hupata 3. Kwa kuwa mtoto mdogo hajui kujibu maswali, kipimo cha watoto cha alama 0 hadi 5 kilibuniwa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 1989. Muuguzi hubonyeza ukucha kwa penseli, kisha huangalia kama mtoto anavuta mkono, analia, au anamfuata mama yake kwa macho. Alama 2 kushuka chini ni hatari kubwa. Tochi nayo husaidia, kwani mboni ya jicho isiyosinyaa ikimulikwa huonya kuwa huenda ubongo unabanwa. Faida yote iko katika kurudia. Mtoto aliyekuwa na alama 4 saa nne asubuhi na ana 2 saa saba mchana anahitaji daktari sasa hivi, wala si kwenye mzunguko wa kesho.

Hata hivyo, aliye kwenye mashine ya kupumulia mara nyingi hupewa dawa za usingizi, na hapo macho na mikono haisemi tena. Ndipo kinapohitajika kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, ambacho Mjerumani Hans Berger alikitumia kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Vidude vidogo hubandikwa kichwani na mashine huchora mistari. Haiingizi umeme wowote kichwani, inasikiliza tu. (Wazazi huogopa hapo, na wana haki ya kuuliza.) Kipo pia kipimo cha mawimbi ya sauti, ndugu wa kile cha akina mama wajawazito, ambacho huwekwa penye kipaji cha pembeni kuona damu inavyokwenda ubongoni.

Mafunzo makubwa kwetu yalitoka Kilifi, pwani ya Kenya. Taarifa ya mwaka 1996 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wenye malaria ya ubongo waliofuatiliwa pale walipata degedege wakiwa tayari wodini. Kwa baadhi yao haikuonekana kwa urahisi: jicho linavutwa upande mmoja, kidole au pembe ya mdomo inachezacheza, mate yanatoka, pumzi haina mpangilio. Mama angesema mtoto amelala.

Je, basi kila mtoto apewe dawa ya kuzuia degedege mapema? Hapo hapo Kilifi walijaribu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Kati ya watoto 340, nusu walipewa sindano ya fenobabito. Degedege ilipungua sana, lakini vifo vikawa 30, dhidi ya 14 kwa wasiopewa. Dawa ile ilituliza na pumzi pia, na mashine za kuwapumulia hazikuwepo. Mwaka 2015 utafiti wa Blantyre ulionyesha upande mwingine: kati ya watoto 25 waliofariki kwa malaria ya ubongo, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo, ambao hubana sehemu inayoongoza pumzi. Waliopona, uvimbe uliondoka. Kwa hiyo ilidhaniwa kwamba huenda baadhi wangefaidika kwa kusaidiwa kupumua kwa siku chache tu.

Tunayasema haya kwa wafadhili na kamati za parokia kwa sababu mashine ya kuona ubongo huvutia kuitoa kama zawadi. Iende mahali penye oksijeni ya kudumu, mashine ya kupumulia na wauguzi wa kutosha usiku. Kwa mgonjwa wa Mwamapalala, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza, na njia ni ndefu. Kituo cha karibu kinafaidika zaidi na tochi, kipimo cha sukari ya damu (sukari ikishuka mtoto huzimia vilevile), oksijeni, sindano ya atesuneti, na karatasi ya kuandika alama kila saa. Nauli ya dharura nayo isisahauliwe na kamati.

Kwa wazazi: mtoto wa degedege asicheleweshwe kwa kuogopa sindano, kama inavyoaminika bado sehemu nyingi. Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mleteni. Na mkiwa wodini mkaona jicho limevutwa upande au kidole kinachezacheza, mwiteni muuguzi, hata kama ni mara ya tano usiku huo.