Vya Mizani na Vya Fungu

Shangazi yangu wa Kilwa Kivinje haonji mchuzi. Anachoonja ni maji ya nazi. Akishaipasua nazi kwa kisogo cha panga, huyakinga maji kikombeni, hupiga funda moja, na hapo ndipo huamua kama nazi ile itakwenda kwenye mbuzi au kwa kuku. Nazi iliyovunda huharibu chungu kizima, na hakuna bizari ya kuisitiri. Baada ya funda hilo hana tena la kuuliza: chumvi huitia kwa vidole vitatu, hufunika sufuria, hukaa kwenye kibao chake. Wageni huona ni kiburi. Mimi huona ni ukaguzi uliofanyika mapema.

Tui lake lina daraja mbili. Tui la pili, jepesi, ndilo la kuchemshia muhogo au mbaazi. Tui la kwanza husubiri kwenye bakuli hadi mwisho, na likishatiwa hukorogwa bila kuachwa mpaka lichemke, kwa sababu likiachwa hukatika, na tui lililokatika humtangaza mpishi hadi kwa jirani. Machicha ni ya kuku. Mwaka mmoja nilimpelekea tui la unga la pakiti kutoka Dar es Salaam, nikitaka kumpunguzia kazi ya kukuna. Alishukuru sana, akaliweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Limo humo mpaka leo.

Tabia kama hizi tumezoea kuziita mila, na tukishaziita hivyo hatuzichunguzi tena. Lakini mila ya mapishi ya Kilwa ina tatizo la tarehe. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, alieleza kwa kina alivyokirimiwa Mogadishu: wali wa samli, vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi za maziwa, achari ya ndimu na embe. Alipofika Kilwa alisifu ucha Mungu wa watu na ukarimu wa sultani, akaondoka. Chakula cha mchana hakukitaja. Huenda alikuwa amefunga. Hans Mayr, aliyekuja na Wareno walipouteka mji mwaka 1505, alikuwa na jicho la jikoni zaidi, akaandika habari za siagi, asali, machungwa, ndimu na vitunguu vidogo. Hakuna kati ya wawili hao ambaye angeweza kula muhogo au nyanya hapa, kwa kuwa vyote viwili ni vya Amerika na vililetwa baada yao. Shangazi anaviita vyakula vya asili, na mimi sina haja ya kubishana na mtu anayenipakulia.

Nimelitazama jiko lake kwa miaka mingi, na kanuni niliyoiona haina uhusiano mkubwa na asili. Ufukweni vitu huuzwa kwa njia mbili, kwa mizani au kwa fungu. Cha mizani kina mnunuzi wa mbali, mwenye daftari, barafu na gari. Cha fungu hupangwa juu ya meza au gunia, huongezewa kimoja ukijua kubembeleza, na huliwa siku ileile. Jikoni kwa shangazi huingia vya fungu. Vya mizani hupita mbele ya mlango, na baada ya muda hata hamu yake hupita navyo.

Mtazame pweza. Bamvua hurudi mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu. Maji hutoka hadi mbali, na wanawake hutembea juu ya miamba na vijiti vyao wakichokoa matundu. Shangazi aliifanya kazi hiyo ujanani. Pweza alipigwapigwa, akachemshwa kwa maji yake mwenyewe, akamaliziwa kwa tui. Alikuwa kitoweo cha nyumba isiyo na ngalawa. Siku hizi hupimwa palepale ufukweni, akaenda kwenye viwanda vya kugandisha, kisha Ulaya, kwa Wataliano, Wahispania na Wareno. (Safari hii Wareno wanalipa.) Songo Songo na Mafia vijiji hufikia hata kufunga miamba kwa miezi ili pweza akue, na akivuliwa awe na uzito wa kumridhisha mwenye mizani. Siibezi biashara hiyo. Zipo nyumba zilizoezekwa bati kwa hela ya pweza. Lakini muulize shangazi anapenda kitoweo gani, atakwambia vibua. Pweza, anasema, anachosha meno. Meno yake yote yamo.

Vibua vyake ni vya chukuchuku: ndimu, chumvi, pilipili na maji, basi. Kabla ya kununua humshika samaki kichwani, akamwinua na kumtikisa kidogo kama anayekung'uta kitambaa. Nilidhani ni mazoea ya kurithi, kumbe alijifunza ukubwani, na mwalimu alikuwa baruti. Kwa miaka mingi Kilwa ilikuwa na sifa mbaya ya uvuvi wa milipuko. Samaki aliyeuawa kwa baruti huvunjika uti wa mgongo, damu humvujia ndani ya nyama, naye huoza upesi. Ukimwinua hujikunja ovyo. Misako ya serikali ya katikati ya miaka ya 2010 iliipunguza sana milipuko hiyo. Shangazi hajaacha kutikisa, na wauzaji hawajaacha kuudhika.

Mbaazi zilikwenda kwenye mizani, zikarudi. Lindi na Mtwara hulima mbaazi nyingi, na kwa miaka mnunuzi alikuwa mmoja, India. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi inazoruhusu kuingia, na bei huku ikaporomoka. Magunia yakabaki vyumbani. Nyumbani kwa shangazi mbaazi zikawa za asubuhi kwa muhogo, za mchana kwa wali, na za usiku kwa kilichosalia mchana. Mwaka huo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akizisifu kwamba zina "mafuta yake zenyewe". Zilikuwa nayo siku zote. Ufuta bado haujapata bahati hiyo. Mkoa wa Lindi ndio unaotajwa mbele nchini kwa zao hilo, shangazi mwenyewe ana ekari moja, na nyumba nzima hutapata kijiko kimoja cha ufuta: wote huingia ghalani kwa stakabadhi, ukapigwa mnada, ukasafiri kwenda Asia. Kashata za ufuta nilizokula kwake mara ya mwisho nilizibeba mwenyewe kutoka Kariakoo.

Hata moto una mizani yake. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichomo ndani ya wilaya hii, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 husafiri kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mtungi wa gesi uliopo jikoni kwa shangazi ulisafiri kinyume chake: gesi yake ni ya kuagizwa nje, ilishushwa melini, ikapanda lori, ikaja Kilwa. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Shangazi anaamini ametimiza sehemu yake, maana chai ya alfajiri na daku ya Ramadhani hupikwa kwa mtungi. Mbaazi kavu haziugusi. Mtungi hujazwa mzima, kwa hela ya mkupuo. Mkaa hununuliwa kwa kopo, hela ya leo kwa chakula cha leo. Isitoshe, mtungi hauna makaa ya kupalia, na wali usiopaliwa, kwake, ni uji uliokauka. Hesabu hiyo ni sahihi isipokuwa jambo moja, kikohozi chake cha asubuhi, ambacho hakimo ndani yake. Nimemwambia. Alinijibu kwamba hicho ni cha kusi, upepo.

Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, huko Somanga. Malori yakalala pande zote mbili. Nilisubiri siku kadhaa mawasiliano yatulie, nikampigia simu, pole zangu zikiwa tayari mdomoni.

"Shikamoo shangazi. Mnakula nini huko?"

"Marahaba, baba. Nyanya hakuna. Vitunguu navyo vimeadimika."

Nikampa pole. Alikaa kimya kidogo; nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria.

"Gari la barafu halijaja," akasema, "na bamvua nalo limetoa maji hadi kule kwenye mwamba mkubwa. Jana pweza walipangwa mafungu."

Nikamuuliza kuhusu meno yake.

Akasema tui liko motoni, haliwezi kuachwa, akakata simu.