Nyoka Akionekana, Msikimbilie Panga

Siku moja tulikuwa tumeketi na kikundi cha akina mama chini ya mwembe, tukihesabu pesa za mzunguko, mtoto akapiga kelele: nyoka! Mkutano ukavunjika papo hapo. Vijana wakaja na panga na mawe, na kwa dakika chache kazi ilikuwa imekwisha. Tulipougeuza ule mzoga tukaona ni nyoka wa kahawia wa nyumbani, asiye na sumu, ambaye chakula chake ni panya. Na kikundi hicho hicho kilikuwa kimetuita tuzungumze juu ya panya wanaomaliza mahindi ghalani! Tulicheka, lakini kwa aibu, maana hata sisi tulikuwa tumeshika mawe.

Basi tukajiuliza, je, nyoka anayeonekana kijijini hawezi kufundisha watu badala ya kuuawa bure?

Huko Watamu, katika pwani ya Kilifi, kuna kituo kiitwacho Bio-Ken kilichoanzishwa mwaka 1980 na marehemu James Ashe na mkewe Sanda. Mwenye nyumba akiona nyoka huwaita, nao huja kumtoa kwa fimbo yenye kulabu na chombo chenye mfuniko. Wageni na watoto wa shule hufika kituoni kuwaona nyoka na kuelezwa habari zao. Ukimwona moma kwa macho yako, mwingine humwita kifutu, utaelewa kwa nini anauma watu wengi. Yeye hakimbii. Hulala kimya kando ya njia, rangi yake kama majani makavu, na anayetembea gizani bila tochi humkanyaga. Picha ya kitabuni haifundishi hivyo.

Walio mbali na pwani wanaweza kuuliza katika Makumbusho ya Kisumu, au ile bustani ya nyoka ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1961. Ulizeni kwanza kabla ya kukodi matatu.

Lakini jamani, kikundi kisijaribu kushika nyoka chenyewe. Hata wenye ujuzi wa miaka mingi huumwa. Tena sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na habari za kibali huulizwa kwa KWS. Kazi ya kikundi ni kuwaondoa watoto, mtu mmoja akimwangalia nyoka kwa mbali asipotee machoni, na mwingine kwenda kumwita anayejua.

Kama mnataka kuanza na mnyama asiye na hatari, anzeni na kinyonga. Mchana ni kazi ngumu kumpata. Usiku hulala kwenye ncha ya tawi na rangi yake hufifia, hivyo ukimmulika kwa tochi anaonekana mweupe-mweupe kati ya majani. Vaeni viatu vya kufunika mguu, mmulike na chini pia. Katika hadithi za makabila yetu mengi yeye ndiye aliyechelewesha ujumbe wa uzima, ndiyo sababu watu humpiga mawe. Sumu hana. Waonyesheni watoto jinsi kila jicho linavyogeuka peke yake, kisha mwacheni pale pale tawini.

Somo kubwa zaidi ni la mtu aliyeumwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, wala usipoteze saa nzima na lile jiwe jeusi. Mvue pete na bangili kabla hajavimba, mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike, abebwe hospitali. Aliyetemewa sumu machoni na swila aoshwe kwa maji mengi, kisha naye apelekwe. Msimfuate nyoka ili kumbeba. Kueleza alivyoonekana kunatosha.

Si kila zahanati ina dawa ya sumu ya nyoka. Kile kikundi cha mwembeni kilituma watu wawili kuuliza ni hospitali gani iliyo nayo, wakaandika jina lake na simu ya mwenye gari kwenye ukuta wa kinu cha kusagia unga, mahali ambapo kila mtu hupita.