Trekta la Bustani: Mkono wa Mwendo Si Breki

HUENDA, msomaji, una mwanao au nduguyo anayesoma Marekani. Likizo ya kiangazi ikifika, atafutapo pesa za matumizi, yumkini atapata kazi ya kukata nyasi. Mwenye nyumba atamfungulia banda na kumwonyesha trekta dogo lililoundwa kabla ya wazazi wake kuoana.

"Ni rahisi," ataambiwa. "Halina klachi. Sukuma mkono huu mbele, litakwenda. Uvute, litarudi nyuma. Uweke katikati, litasimama."

Hayo ni kweli, ila si kweli yote.

Matrekta ya aina hii yalianza kuvuma miaka ya 1960. Kampuni ya International Harvester ilitoa Cub Cadet 123, na John Deere ikawa na lake, 140, mwaka 1968. Injini huzungusha pampu, nayo pampu husukuma mafuta hadi kwenye mota inayoendesha magurudumu. Ndani ya pampu mna bamba. Ukisukuma mkono, bamba huinama na mafuta husukumwa. Likinyooka, mafuta hutulia na trekta husimama.

Tatizo ni uzee. Pampu ikichakaa, mafuta huvuja ndani kwa ndani, na trekta lililoachwa mlimani hutambaa polepole likiteremka. Tena, mengine yana vali za kufunguliwa trekta linapovutwa baada ya kuharibika. Zikisahauliwa wazi, mafuta hayazuii kitu. Kimbilio ni breki peke yake.

Katika mengi ya matrekta hayo, kanyagio la breki lina kazi mbili: huurudisha mkono katikati, kisha hukamata magurudumu. Mkono ukilegea na kurudi wenyewe wakati wa kupanda, baadhi ya watu hukaza nati yake kwa nguvu zote. Hilo ni kosa! Ukikazwa mno, kanyagio halitaweza kuurudisha, na breki itabaki ikishindana na injini.

Basi mwambie afanye hivi kabla ya kuanza kazi. Aliendeshe taratibu mahali tambarare, visu vikiwa vimezimwa na watoto wakiwa mbali. Akanyage breki hadi mwisho, kisha aachilie. Trekta lisimame na litulie. Likiendelea kutambaa, mkono haurudi katikati sawasawa. Fundi aurekebishe kwanza. Na kama breki haishiki, asikaribie mteremko hata kidogo.

Akimaliza, aliegeshe mahali tambarare, afunge breki ya kuegesha, azime injini na kutoa ufunguo. Asiuamini mkono peke yake kulizuia.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini hii inayo, nayo iko chini ya unyayo wake. Muhimu ni aijaribu kabla hajaihitaji.