Dharura Ikishapita: Fedha za Maafa na Majengo ya Umma Yaliyobomolewa na Maporomoko ya Ardhi

Katika mazungumzo ya kila siku, dharura ni jambo lolote linalomlazimu mtu kuacha alilokuwa akilifanya. Katika sheria za fedha za Kenya neno hili lina mipaka, na ni katika mipaka hiyo ambapo madarasa, zahanati na madaraja yaliyosombwa na maporomoko ya ardhi hupotelea. Makala haya yananuia kueleza njia ambazo fedha za maafa hupitia, na kwa nini ni rahisi zaidi kwa fedha hizo kumfikia manusura kuliko kulifikia jengo lililokuwa likimhudumia.

Ibara ya 208 ya Katiba ya mwaka 2010 inaunda Hazina ya Dharura ya taifa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mtaji wa hazina hii haupaswi kuzidi shilingi bilioni 10. Waziri wa Fedha anaweza kuchota humo endapo matumizi hayakukadiriwa kwa kuwa hayakutarajiwa, na endapo hayawezi kungoja mwaka mwingine wa fedha bila kuudhuru umma. Kaunti nazo zimeruhusiwa kuwa na hazina zao; malipo ya mwaka, kwa kawaida, hayapaswi kupita asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyothibitishwa katika hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Sheria ya fedha za maendeleo ya maeneobunge ya mwaka 2015 nayo ilitenga asilimia 5 kwa ajili ya dharura, na ufafanuzi wake wa neno hilo unakaribiana mno na ule wa kwanza.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha hana budi kutua. Sheria zote hizi zimejengwa juu ya kitenzi kimoja: kutarajia. Je, poromoko ni jambo lisilotarajiwa? Soko la Chesongoch, katika bonde la Kerio, lilisombwa mwezi wa Aprili 2020. Mapema mwezi wa Novemba 2025, matope yaliteremka tena katika eneo hilohilo la Marakwet Mashariki na kuua watu zaidi ya 20. Mkazi wa huko hutazama juu kila mvua inapozidi. Anachokikosa ni siku na saa, si tarajio. Kwa hiyo afisa wa hesabu aliye mkali anaweza kuuliza, bila kukiuka sheria, kwa nini jambo linalojulikana halikuwekwa katika makadirio ya kawaida. Na kamati ya makadirio nayo, ikiwa na mahitaji mia ya leo, itauliza kwa nini itenge fedha za jengo ambalo bado limesimama. Maswali yote mawili ni halali. Jengo huanguka kati yake.

Kuna pia suala la mwenye mali. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali zote mbili jukumu la kukabiliana na maafa, lakini mali zenyewe limezigawa. Shule za msingi na za upili ni za serikali ya taifa. Shule za chekechea na zahanati ni za kaunti. Barabara kuu ni za taifa, zile ndogo ni za kaunti. Poromoko halina habari na jedwali hilo. Mteremko mmoja unaweza kuchukua darasa la chekechea na darasa la kwanza yaliyo katika uwanja mmoja, na baada ya hapo kila darasa likawa na mlango wake wa kubisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, maporomoko yaliua watu zaidi ya 40 huko Pokot Magharibi. Madaraja yalisombwa, waokoaji wakakwama, ikabidi helikopta zitumike. Tukio hilo linaonyesha kwamba daraja ni sehemu ya uokoaji wenyewe. Hata hivyo, katika vitabu vya hesabu chakula na blanketi huitwa msaada, ilhali daraja la kudumu huitwa mradi wa maendeleo, nao mradi una upembuzi, zabuni na mwaka wake wa fedha.

Japani, nchi ya milima na matetemeko, iliutatua mkanganyiko huu kwa sheria ya mwaka 1951: barabara, mito na miundombinu mingineyo ya umma ikiharibiwa na maafa, serikali kuu hugharimia angalau theluthi mbili ya ukarabati, baada ya wakaguzi kufika na kupima hasara. Ukarabati una fungu lake, haungoji kuitwa dharura. Si lazima tuige viwango vyao, maana mifuko si sawa. Linalofaa kuigwa ni kuupa ukarabati jina lake katika sheria.

Linabaki swali la mahali. Mnamo Machi 2010, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, poromoko la Nametsi wilayani Bududa lilifukia hata kituo cha afya, na baadhi ya manusura wakahamishiwa Kiryandongo, mbali sana na mlima. Kukijenga kituo kama hicho palepale ni kukiweka njiani mwa poromoko lijalo. Kukihamisha kunahitaji ardhi mpya, barabara mpya na maji, gharama ambazo neno "ukarabati", kwa maana yake ya kukirejesha kitu katika hali yake ya awali, haliwezi kuzibeba.