Ubora wa Nakala za Filamu za Video na Sauti ya Mfasiri wa Kiswahili

Panapozungumzwa ubora wa nakala ya filamu iliyotolewa ili itazamwe majumbani, wajuzi wa mambo hayo huuliza maswali matatu: picha imetolewa katika asili gani, sauti imehifadhiwa kwa kiasi gani, na je, filamu ni kamili au imekatwa? Mfano mmoja ni Highlander, filamu ya mapigano na miujiza iliyoongozwa na Russell Mulcahy mwaka 1986. Haikupata watazamaji wengi ilipoonyeshwa Marekani, lakini baadaye, kwa njia ya kanda za video, ikapata wapenzi wasiochoka kuirudia. Wapenzi hao wanajua kwamba nakala ya Marekani ilikuwa na dakika 110 hivi na ile ya Ulaya dakika 116 hivi, na kwamba mwaka 2016 filamu hiyo ilisafishwa upya. Kwao nakala bora ni ile iliyo karibu zaidi na kazi ilivyotoka mikononi mwa mtunzi wake.

Kipimo hicho ni cha haki, lakini hakitoshi. Katika Afrika ya Mashariki iko namna ya nakala ambayo kwa kipimo hicho ingetupwa jalalani, na hali kwa mchunguzi wa lugha ina thamani kubwa: nayo ni nakala iliyotiwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nakala hizo zilivyofanyika, kwa nini ubovu wa picha zake haukuwa kizuizi kwa watazamaji, na kwa nini zapasa kuhifadhiwa.

Nkome ni mahali pafaapo kuanzia maelezo haya. Ni kata ya wavuvi katika Wilaya ya Geita, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, ambapo vyombo huvuka kuelekea kisiwa cha Rubondo. Wasukuma na Wazinza hukaa huko pamoja na watu wa makabila mengine waliovutwa na samaki wa ziwa na dhahabu ya Geita, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya pili. Uvuvi wa dagaa hufanywa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka kazi hiyo hupungua, na vijana hupata nafasi ya kupumzika. Katika vijiji vya namna hii kibanda chenye televisheni, deki na jenereta, ambacho watu wamekipa jina la kibanda umiza, ndicho kilichokuwa sinema ya wengi. Yafaa ikumbukwe kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwaka 1973. Kwa hiyo huku bara mkanda wa video ulitangulia matangazo ya televisheni, na neno mkanda likapata maana ya filamu, maana iliyodumu hata baada ya kanda zenyewe kuachwa.

Sasa na tutazame vyombo vyenyewe. Mkanda wa VHS, uliotoka Japani mwaka 1976, hubeba undani wa mistari ipatayo 240 tu kwa upana wa picha, na kila unaponakiliwa hupungukiwa: rangi nyekundu hutapakaa nje ya mipaka yake, na mahali penye giza hujaa chembechembe. Sahani ya VCD, iliyobuniwa mwaka 1993, haipungukiwi hivyo kwa kunakiliwa, lakini ina umaskini wa namna nyingine. Picha yake ina nukta 352 kwa 288, na habari za picha hiyo hupewa biti milioni 1.15 tu kwa sekunde. Mtu akiketi na kuzungumza, kiasi hicho chatosha. Lakini panga zikivurumishwa, moto ukilipuka au moshi ukitanda, picha huvunjika vipande vya mraba. Hivyo filamu ya mapigano na miujiza ndiyo iumiayo kuliko zote, kwa kuwa mambo hayo ndiyo uhai wake. DVD ya mwaka 1996 ilipanua picha mpaka nukta 720 kwa 576, na Blu-ray ya mwaka 2006 mpaka 1920 kwa 1080, ikiruhusu hata biti milioni 40 kwa sekunde.

Walakini sauti ya VCD si maskini kama picha yake. Hupewa biti 224,000 kwa sekunde, nazo zatosha kabisa kwa maneno ya mtu mmoja. Basi nakala moja yaweza kuwa na picha mbovu na maneno safi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mfasiri alipopata nafasi yake.

Desturi ya mtu kusimama kati ya picha na watazamaji si ngeni. Zama za sinema bubu Japani ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi. Katika Tanganyika, jaribio la filamu za mafunzo lililofanywa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, liliweka sauti katika santuri mbali na picha, na hivyo filamu moja iliweza kusemewa kwa lugha mbalimbali. Katika zama za video Uganda imekuwa na wasimulizi wa Kiganda waitwao VJ, Kenya imekuwa na DJ Afro, na Tanzania ilimpata Derek Mukandala, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lufufu. Kazi za Lufufu zimechunguzwa na Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, mojawapo ikiwa ni Titanic ya mwaka 1997, filamu ya zaidi ya saa tatu ambayo haiwezi kuingia katika VCD chini ya tatu, kwa sababu sahani moja huchukua dakika 74 hadi 80 tu.

Namna ya kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza, ingawa si nyepesi kuitenda. Mfasiri hutazama filamu huku akisema katika maikrofoni. Sauti ya asili hushushwa asemapo na hupandishwa anyamazapo. Kisha zote mbili huchanganywa na kurekodiwa pamoja. Zikisha kuchanganywa hazitengeki tena. Kwa mwenye kupenda asili ya filamu huo ni uharibifu. Kwa mtazamaji asiyejua Kiingereza wala Kichina, ndipo filamu ilipoanza kusema.

Kwa upande wa lugha, mfasiri hufanya kazi tatu kwa kinywa kimoja: hufasiri maneno ya wachezaji, husimulia yanayotendeka, na hufafanua mambo ambayo mtazamaji asingeyajua. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo haya tu. Kijana mwenye upanga anaingia katika pango la mchawi, na moshi umejaa. Mfasiri aweza kusema: "Jamaa kaingia pabaya. Anamwambia, nimefuata upanga wa baba yangu. Bibi naye hana maneno mengi: pu! Chini." Katika maneno haya machache kaingia ni umbo la mazungumzo lisimamalo mahali pa ameingia, anamwambia huonyesha kwamba maneno yafuatayo ni ya mchezaji wala si ya mfasiri, na tanakali pu yasimama mahali pa pigo ambalo katika VCD limekwisha kuvunjika vipande. Mfasiri huvisema vile ambavyo chombo kimeshindwa kuvionyesha. Istilahi nayo hukua humo humo: stelingi, neno lililotoka katika Kiingereza, ni yule shujaa ambaye mtazamaji hutazamia kwamba hatakufa, na mpinzani wake ni adui, neno la zamani lililopewa kazi mpya.

Huenda ikasemwa kwamba lugha hii si sanifu, na tena kwamba si aminifu, kwa kuwa mfasiri huongeza, hupunguza, na pengine hubadili kabisa maana ya mtunzi. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini msimulizi wa ngano naye huongeza na kupunguza, wala hapana aliyesema kwamba kwa sababu hiyo ngano zisikusanywe. Pingamizi lililo zito zaidi ni la sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake isifasiriwe, na nakala nyingi za namna hii zilifanywa bila ruhusa. Ni vigumu kwa maktaba kuiweka rafuni kazi ambayo haikupaswa kuwako. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya masimulizi ya Kiswahili ya zama hizi imeachwa katika sahani za kuchomwa, ambazo rangi yake ya ndani hufifia kwa joto na unyevu, na katika fleshi ambazo hufutwa ili kupisha filamu mpya.

Uganda yatoa funzo. Filamu ya mapigano Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. huko Wakaliga, Kampala, na kutolewa mwaka 2010, ilipoteza nakala yake ya asili kwa sababu mtengenezaji alihitaji nafasi katika kompyuta yake kwa filamu nyingine. Iliyosalia ni nakala yenye sauti ya msimulizi, VJ Emmie. Baadaye American Genre Film Archive iliitoa huko Marekani katika Blu-ray, na sauti hiyo imo. Watazamaji wa mbali waliipenda filamu pamoja na msimulizi wake, na leo wachache wangekubali kuvitenga viwili hivyo. Yaonekana basi kwamba nakala yenye sauti iliyoongezwa yaweza kupokewa kuwa toleo kamili, lenye heshima yake.

Filamu za kigeni zilizosemewa kwa Kiswahili hazina bahati hiyo. Kila filamu ya kale inaposafishwa na kutolewa upya ng'ambo, picha hufufuka, lakini sauti ya Kiswahili haimo, wala hapana atakayeitafuta ila wenye lugha. Kwa hiyo yafaa nakala hizo zikusanywe kwa ajili ya uchunguzi, si kwa biashara, na kila moja iandikiwe mambo haya: jina la filamu na mwaka wake, jina la mfasiri, aina ya chombo, muda wa nakala, mahali ilipopatikana, na kiwango cha kusikika kwa maneno. Kisha maneno yaandikwe kwa safu mbili, moja ya mazungumzo ya asili na moja ya mfasiri, ili mahali alipoongeza paonekane mbali na mahali alipofasiri. Kazi hiyo yaweza kuanzia katika vibanda vya Nkome na vijiji vingine vya ziwa, maadamu sahani zingali zikisomeka na wale waliozisikiliza wangali wakikumbuka ni sauti ya nani.