Je, Wajua? Bingwa wa Mara 74 Aliangushwa na Swali la Kodi

Tarehe 30 Novemba 2004, watazamaji wa Marekani walimwona Ken Jennings akiandika jibu lake la mwisho katika kipindi cha chemsha bongo kiitwacho Jeopardy!. Jennings, mtaalamu wa programu za kompyuta kutoka Utah, alikuwa ameshinda mara 74 mfululizo na kujikusanyia dola 2,520,700. Siku hiyo aliulizwa kuhusu kampuni yenye wafanyakazi wa msimu 70,000, ambao wengi wao hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Akaandika FedEx, wasafirishaji wa vifurushi. Jibu lilikuwa H&R Block, kampuni inayowajazia watu fomu za kodi.

Aliyemwangusha ni Nancy Zerg, wakala wa nyumba kutoka California. Kabla ya swali hilo Zerg alikuwa na dola 10,000 na Jennings 14,400. Zerg akaweka dau la dola 4,401. Tazama hesabu yake: akipata, atafikisha 14,401, yaani atampita Jennings kwa dola moja hata kama bingwa huyo asingeweka dau lolote. Alipata. Katika kipindi kilichofuata naye akashindwa.

Nimeanza na kushindwa huko kwa makusudi. Washiriki wa chemsha bongo hatuwaoni wakikesha na vitabu. Tunawaona wakiwa wamesimama chini ya taa kali, jibu liko ulimini au haliko, na muda haumngoji mtu. Kujua ni jambo moja; kukitoa unachokijua kwa wakati wake ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili ndilo linalonivutia mimi.

Je, wajua kwamba katika Jeopardy! mshiriki hapewi swali? Hupewa jibu, na kazi yake ni kutaja swali lake. Wazo hilo lilitoka kwa Julann Griffin, mke wa mtayarishaji wa vipindi Merv Griffin, wawili hao wakiwa ndani ya ndege kurudi New York. Mume alitamani kuanzisha kipindi cha maswali, lakini vituo vya televisheni vilikuwa vimeviogopa vipindi vya aina hiyo tangu ilipozuka kashfa ya washiriki kupewa majibu. Mke akasema, basi na wapewe majibu waziwazi. Akamtupia namba: 5,280. Mume akajibu kwa kuuliza: maili moja ina futi ngapi? Kipindi kikarushwa hewani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Machi 1964. Ule muziki unaopigwa kwa sekunde 30 washiriki wanapoandika jibu la mwisho, Merv Griffin aliutunga kwanza kuwa wimbo wa kumbembelezea mwanawe.

Kashfa yenyewe haifai kupitwa haraka. Mwaka 1956 kipindi cha Twenty-One kilikuwa na bingwa aitwaye Herbert Stempel. Watayarishaji waliona amewachosha watazamaji, wakamtaka ampishe Charles Van Doren, mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia. Stempel aliagizwa akosee swali kuhusu filamu iliyotwaa tuzo ya Oscar kwa mwaka 1955. Ilikuwa Marty, filamu aliyoipenda, na jibu alilijua vizuri. Akataja nyingine. Baadaye alieleza kwamba hata namna ya kujifuta jasho alikuwa amefundishwa. Van Doren aliondoka na dola 129,000 na umaarufu mkubwa, lakini tarehe 2 Novemba 1959 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akakiri kwamba alikuwa akipewa maswali na majibu mapema. Mwaka 1960 ikapitishwa sheria inayofanya udanganyifu wa namna hiyo kuwa kosa. Kwangu mimi, aliyeonewa zaidi ni Stempel: aliambiwa ajifanye hajui kitu anachokijua, mbele ya nchi nzima.

Sasa tuje kwenye kidole. Je, wajua kwamba katika Jeopardy! mara nyingi washiriki wote watatu wanalijua jibu, na anayetofautiana na wenzake ni yule aliyebonyeza kitufe kwa wakati? Si yule aliyewahi kuliko wote, hasha. Mtangazaji lazima amalize kwanza kusoma. Akimaliza, mfanyakazi aliyeketi pembeni hufungua mitambo na taa zilizo kandokando ya ubao huwaka. Ukibonyeza kabla ya hapo, kitufe chako hufungwa kwa robo sekunde, na robo sekunde hiyo inamtosha mwenzako kukupita. Mwaka wa kwanza baada ya kipindi kufufuliwa, 1984, mtu aliweza kubonyeza wakati wowote; utaratibu wa kungoja ukaja mwaka uliofuata. Ndiyo maana wapo wanaofanya mazoezi nyumbani wakibonyeza kalamu mbele ya televisheni.

Na siku ya kurekodi si siku ya mchezo mmoja. Vipindi vitano hurekodiwa kwa siku moja, kwa hiyo mshiriki huja na nguo za kubadilisha. Akishinda, huingia chumbani, hubadili shati na kurudi kana kwamba kumekucha siku nyingine. Mtazamaji humwona bingwa wa wiki nzima, kumbe ni mtu aliyechoka wa saa kumi jioni.

James Holzhauer, mcheza kamari za michezo kutoka Las Vegas, alikuja mwaka 2019 na mbinu iliyowashtua wengi. Wengine walizoea kuanza na maswali mepesi ya fedha kidogo. Yeye alianza chini, kwenye maswali magumu ya fedha nyingi, akajaza mfuko, kisha alipopata nafasi ya kuweka dau mara nyingi aliweka kila alichokuwa nacho. Tarehe 17 Aprili 2019 alipata dola 131,127 katika mchezo mmoja, rekodi ya kipindi hicho. Na je, wajua alijifunzia wapi? Alieleza kwamba alisoma sana vitabu vya watoto vya maktaba, kwa sababu vina picha na vimeandikwa ili somo gumu lipendeze. Mzazi anayemwona mwanawe akifunua kitabu cha picha kuhusu volkano au wafalme wa kale asidhani anapoteza muda.

Holzhauer alishinda mara 32 na kufikisha dola 2,462,216. Zilikuwa zimesalia dola 58,484 tu aifikie rekodi ya Jennings alipokutana na Emma Boettcher, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Chicago. Boettcher hakuwa mgeni wa maswali hayo. Tasnifu yake ya shahada ya uzamili ilichunguza kama kompyuta inaweza kutabiri ugumu wa swali la chemsha bongo kwa kuangalia maneno yake. Swali la mwisho lilimhusu Christopher Marlowe, mtunzi wa tamthilia wa zama za Shakespeare. Wote wawili walipata, lakini Boettcher alikuwa ametangulia kwa fedha na akaweka dau lililomtosha kushinda.

Huko Uingereza, kiti cheusi cha kipindi cha Mastermind kina asili nzito kuliko watazamaji wengi wanavyojua. Mwanzilishi wake, Bill Wright, alikuwa askari wa jeshi la anga katika Vita vya Pili vya Dunia, akatekwa na kuhojiwa na polisi wa siri wa Ujerumani. Mateka alitakiwa kutaja jina, cheo na namba. Kumbukumbu hiyo ndiyo aliyoigeuza kuwa mchezo: giza, taa moja, kiti kimoja, mtu anaulizwa jina lake, kazi yake na somo alilolichagua. Kipindi kilianza BBC mwaka 1972. Waliowahi kulitwaa taji lake si maprofesa peke yao. Mwaka 1980 alishinda Fred Housego, dereva wa teksi wa London. Mwaka 1983 akashinda Christopher Hughes, dereva wa treni za chini ya ardhi za jiji hilohilo. Madereva hao wawili nawaheshimu sana, kwa kuwa walikuwa wakijaza vichwa vyao maarifa huku wakiwapeleka wengine makazini.

Jambo fupi: katika University Challenge, kipindi cha Uingereza cha tangu 1962, timu mbili huonekana moja juu ya nyingine kama ghorofa. Hakuna ghorofa. Zimekaa sambamba, na kamera ndizo zinazozipandanisha.

Je, wajua kwamba ukikwama, umati wa ukumbini unaweza kukufaa kuliko rafiki yako msomi? Mwandishi James Surowiecki alieleza kwamba katika Who Wants to Be a Millionaire ya Marekani, watazamaji wa ukumbini walipata jibu sahihi kwa asilimia 91, na rafiki wa kwenye simu kwa asilimia 65. Lakini John Carpenter, mshindi wa kwanza wa dola milioni moja katika kipindi hicho, hakuhitaji yeyote. Tarehe 19 Novemba 1999, kwenye swali la mwisho, aliomba kumpigia simu baba yake. Hakumwomba jibu. Alimwambia tu kwamba anakaribia kushinda milioni, kisha akataja jina la Rais Richard Nixon, na milioni ikawa yake.

Mashine nayo imeshiriki. Februari 2011 kompyuta ya IBM iitwayo Watson, ikiwa haijaunganishwa na intaneti, iliwashinda Jennings na bingwa mwenzake Brad Rutter katika Jeopardy! kwa kufikisha dola 77,147. Kidole chake cha umeme kilibonyeza kitufe kwa wakati bila kutetemeka, na hapo ndipo binadamu walipoachwa. Hata hivyo, ilipoulizwa kuhusu mji wa Marekani ambao viwanja vyake viwili vya ndege vimepewa majina yanayotokana na shujaa na pigano la Vita vya Pili, iliandika Toronto, mji wa Kanada, na alama za kuuliza tele. Jibu ni Chicago. Leo Jennings ndiye mtangazaji wa kipindi hicho, akiwa amerithi nafasi ya Alex Trebek, aliyekiendesha tangu 1984 hadi alipofariki dunia tarehe 8 Novemba 2020.

Afrika haijakaa pembeni. Nchini Ghana, shindano la sayansi na hisabati la shule za sekondari limekuwapo tangu 1993, na mwendeshaji wake wa kwanza alikuwa Marian Ewurama Addy, profesa wa baiokemia. Kwetu Afrika Mashariki wapo wanaokumbuka shindano la vyuo vikuu la Celtel, baadaye Zain, lililoanza mwaka 2007 likiendeshwa na Mkenya John Sibi-Okumu.

Na kabla ya hayo yote tulikuwa na kitendawili. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Angalia umbo lake: si swali, ni kauli, na mtegwaji lazima ajue inasema nini, sawasawa na kile Julann Griffin alichokifikiria ndani ya ndege. Dau pia lipo, tena kubwa kuliko la Holzhauer, maana anayeshindwa hutoa mji mzima. Niliulizwa hilo la nyumba nikiwa mdogo, nikatoa Tanga, nikatoa Mombasa, ndipo nikaambiwa ni yai. Jibu hilo sijalisahau hadi leo.

Basi leo jioni, televisheni ikizimwa, watege wanao. Wape muda wa kuwaza. Na wakishindwa, usiwape jibu kabla hawajakupa mji.